Mashine ya Mbwa Isifanane na ya Watu

Kuna Ijumaa moja imegoma kunitoka kichwani, mwanangu. Na nikikuita mwanangu usidhani nina mvi, sijafika huko. Huku machimboni mwanangu ni mshikaji wako, hata kama kakuzidi ndevu. Ila kwenye kazi hii ya kunyoa mbwa, ukanda wote huu wa dhahabu kuanzia Geita mpaka Kahama, mimi ndiye niliyetangulia kung'atwa. Kwa hiyo leo tulia unisikilize kama unavyomsikiliza mzee, maana naona umeshaanza kuulizia mashine na jambo la maana hujaliuliza bado.

Kila Ijumaa baada ya swala ya mchana, saluni ya Bro Iddi pale Katoro ilikuwa haina pa kukaa. Wachimbaji wametoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, vumbi mpaka kwenye kope, wanataka kunyolewa waonekane watu. Madereva wa boda, wauza mitumba, wote pale wanabishana mpira. Siku hiyo ninayokwambia, viti vilikuwa vitupu. Bro Iddi kakaa mwenyewe kwenye kiti cha mteja, anajitazama kwenye kioo kama anamsubiri kinyozi. Mimi nafuta meza ambayo nimeshaifuta. Redio inaongea peke yake.

Mtaani watu walikuwa wameambizana kwamba kwa Iddi unanyolewa na mashine ya mbwa.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, ujue huyu Iddi ni nani kwangu. Mimi nilikuwa Isaka, pale mizigo inaposhushwa kwenye treni na kupakiwa kwenye malori ya kwenda Rwanda na Burundi. Kazi yangu kubeba, kitanda changu chini ya lori lolote ambalo dereva wake hana roho mbaya. Nilikotoka kabla ya hapo sikusemi, hakuna mtu wa kumsalimia. Iddi alikuja kufuata viti vyake vya saluni, nikambebea. Alipomaliza kuvikagua hakuniuliza jina. Akaniuliza, "Umekula?" Basi. Nilipanda gari moja na vile viti mpaka Katoro, na sikurudi tena Isaka. Akanifundisha kushika mashine. Mama yake, Bibi Mwamvita, mwanamke wa Ujiji, alikuwa anakaa chumba cha nyuma ya saluni, na jioni alikuwa anatuwekea sinia moja tunakula watatu. Sasa elewa. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na kaka, nilikuwa na bibi, nilikuwa na mlango wa kugonga. Hivyo vyote ndivyo vilivyokuwa vinaning'inia Ijumaa ile.

Mbwa waliingia hivi. Mlinzi wa yadi ya mnunuzi mmoja wa dhahabu alikuja na jibwa lina manyoya marefu, yameshikana mpaka yamekuwa kama mkeka, na chini yake kidonda kinatoa harufu. Daktari wa mifugo alikuwa amemwambia manyoya yatoke kwanza ndipo dawa ifike. Kila kinyozi aliyemfuata alimcheka. Mimi nikasema naweza. Iddi akamtazama mbwa, akanitazama mimi, akatoka kwenda dukani. Akarudi na boksi.

"Hii ndiyo ya mbwa wako, dogo. Ya chaji, utatembea nayo. Za watu usiziguse, tumeelewana?"

Tumeelewana, bro. Na sikuzigusisha mbwa hata mmoja. Hata leo niko tayari kuapa popote unapotaka.

Kumbe shida ilikuwa ndani ya boksi. Duka lile lilikuwa na aina moja, na Iddi kwa moyo wake mweupe akachukua aina anayoiamini. Nyeusi, mstari wa dhahabu ubavuni. Na ya saluni nayo nyeusi, mstari wa dhahabu ubavuni. Mapacha, Kulwa na Doto.

Hapa nisimame kidogo nikufundishe, kabla hasira hazijanipanda. Ile mashine, mbali na sura yake, haikuwa ya mbwa. Ilikuwa ya kichwa cha mtu. Nywele za mtu ni shamba la mchicha, mbwa ni pori. Mota ndogo ikiingia kwenye pori inapunguza mlio, inavuta nywele badala ya kukata, mbwa anaumia, anageuka, na hapo ndipo utajua kwa nini nina hili kovu. Ukienda kununua, usikubali muuzaji akuwashie hewani. Hewani zote zinaimba. Mimi naingia dukani na kipande cha ngozi ya kondoo chenye manyoya yake. Kuna mama mmoja Msukuma, ana duka Kahama, siku ya kwanza alivyoniona nakitoa mfukoni alisema, "Ng'wanawane, mwanangu, hapa ni duka la umeme, bucha iko kule." Nikamwamkia vizuri, nikamwomba anivumilie. Nikawasha, nikapitisha kwenye manyoya taratibu huku nasikiliza. Mlio ukibaki uleule, hiyo mota ina nguvu. Mlio ukilegea kama mtu anapanda kilima, rudisha kwenye boksi, sema asante.

Na sikiliza kelele pia. Mbwa masikio yake siyo kama yako. Mashine inayonguruma utamshika mnatetemeka wote wawili. Ishike mkononi kwa muda, iwe nyepesi, maana mbwa mkubwa siyo kazi ya kuondoka haraka. Uliza kama betri inatoka, ununue na ya pili. Uliza meno yake, yale yanayokata, wengine wanaita bledi, kama yanachomoka na kama mengine yanapatikana Mwanza. Mashine ambayo meno yake hayapatikani ni toi. Halafu nyinyi mliotoka kwenye vinyozi, hapa ndipo mnapochinja watu. Yale machanuo ya plastiki ya saluni namba ikipanda nywele zinabaki ndefu, si ndiyo? Bledi za mbwa ni kinyume. Namba ikipanda, zinabaki fupi. Ukichukua kubwa ukidhani unamhurumia, utamwacha mtoto wa watu ngozi tupu.

Haya, turudi Ijumaa.

Aliyeanzisha maneno alikuwa Masanja, dereva wa boda, mteja wetu wa kila wiki. Alipita nyuma ya yadi ya yule mnunuzi, akaniona nimempigia mbwa magoti, namnyoa. Akaitambua mashine. Ndiyo hiyo hiyo aliyoiona inapita juu ya kichwa chake! Wewe ungefikiri nini? Leo nakuuliza kwa upole. Siku ile hakuna aliyeniuliza mimi hivyo, na hata angeniuliza ningempiga.

Basi Masanja akapita nje ya saluni na pikipiki, akapunguza mwendo, akapaza sauti ili kijiwe chote kisikie.

"Oya kinyozi! Leo wateja wako wamefungwa mnyororo?"

Kijiwe kikaangua kicheko. Mwingine akabweka. Mwingine akasema, "Mwacheni, anasubiri mteja amalize kukojoa kwenye nguzo."

Iddi akasema chini chini, "Dogo, kaa."

Sikukaa. Nilizikwapua mashine zote mbili mezani, nikatoka nazo mpaka katikati ya barabara, nikazinyanyua juu kama nimeshinda kombe. Nilivyotukana siwezi kurudia hapa. Nilimgusa Masanja, nikamgusa mama yake, nikagusa na pikipiki ya mkopo. Nikawaambia Iddi ni mtu safi kuliko ukoo wao mzima. Watu wakajaa. Jasho linanitoka, mikono inapepea huku na huku, nikamalizia kwa kishindo, "Hii ya watu, na hii ya mbwa! Mmeona wenyewe?"

Masanja hakukasirika. Aliegemea usukani akauliza kwa upole kabisa.

"Ipi?"

Nikatazama mkono wa kulia. Nikatazama wa kushoto.

Mwanangu, sikuchelewa sana. Ni muda wa mtu kumeza mate. Ila Katoro nzima ilinisubiri nimeze, na nilipojibu "hii," hata mimi sauti yangu sikuiamini. Hakuna aliyecheka tena. Hilo ndilo lililoniumiza. Walinitazama kama mtu aliyewathibitishia, halafu wakatawanyika mmoja mmoja, na mzee mmoja aliyekuwa amekuja kunyoa akageuka na kofia yake mkononi akaivaa.

Nikarudi ndani. Iddi akanyoosha mikono, nikampa mashine zote mbili, akaingia nazo chumba cha nyuma. Bibi Mwamvita akaniita kutoka uani.

"Njoo hapa, baba."

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Nani kakutuma umsemee Iddi?"

"Bibi, wanamtukana! Unataka ninyamaze?"

"Iddi ana mdomo. Nimemzaa nao." Alikuwa anachambua mchele, hakunyanyua uso. "Mtu kakuuliza mashine, wewe unamjibu mama yake. Sasa hapo kajibiwa? Kaondoka na swali lake, na tusi juu."

Akaendelea kuchambua, halafu akaniuliza, na sauti yake ilikuwa ileile ya kuniulizia kama chumvi imekolea.

"Na mimi nikuulize, usinipigie kelele. Ukitoka kwa hao mbwa, mikono unanawia wapi?"

Mwanangu, mimi nilikuwa nanawa. Kila siku, bombani pale yadi, kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, na shati la kazi nalivulia hukohuko. Jibu lilikuwepo, fupi, safi. Ila nilichosikia masikioni siyo swali. Nilisikia yule wa kijiweni anabweka.

"Hata wewe, Bibi?"

"Mimi ni mtu wa swala, baba. Hii sinia tunakula wote. Nimekuuliza, sijakufukuza. Kwenye dini yetu mate ya mbwa yana namna yake ya kuoshwa, kwa maji na udongo. Ningekuonyesha."

"Basi nimeshaelewa," nikasema. Nilikuwa sijaelewa kitu.

Nikaingia ndani nikafunga nguo zangu, hazikuwa nyingi. Nikamwambia Iddi kwa sauti kubwa, nikitaka asikie mpaka Bibi, "Bro, mimi naondoka. Mimi nikiwa hapa saluni itakufa. Acha niondoke ipone." Nakwambia ukweli, nilikuwa nasubiri aseme kaa. Nilishaandaa mpaka namna ya kukataa mara ya kwanza ili nikubali ya pili.

Iddi alikuwa kakaa kitandani na zile mashine. Alizifungua vichwa zote. Chini ya meno ya moja alikuta nywele za kahawia, ngumu, na hapo akajua ipi ni ipi. Akaisafisha kwa brashi, akaitia tone la oili, akaizungushia solatepu nyekundu. Alipokuwa ananikabidhi hakunitazama usoni.

"Nimeichaji," akasema. "Imejaa."

Ndiyo maneno ya mwisho tuliyosemezana nikiwa mtu wa nyumba ile.

Sasa nakaa Geita, chumba kimoja. Kazi ipo, sikatai. Naitwa kwenye nyumba za wageni wa migodi, naitwa kwenye yadi za wanunuzi, kuna bibi mmoja Songwa, karibu na mgodi wa almasi, ana mbwa mzee kama yeye, na kuna tajiri wa tumbaku Ushetu. Nabeba begi, napanda basi, nashuka, nanyoa, napanda basi. Ndiyo maana nakwambia mashine iwe ya chaji. Mwenye geti hakukaribishi ndani utafute soketi. Unanyolea pale nje, kwenye kivuli cha ukuta wake, na ukimaliza geti linafungwa. Siku nzima naweza nisiongee na mtu, naongea na mbwa. Namwambia geuka, namwambia pole, namwambia wewe ni handsome sana. Anapiga mkia. Jioni nikifika chumbani sauti yangu yenyewe inanishtua.

Basi jioni hizo nimejifunza kutunza mashine, maana sina kingine cha kutunza. Nakupa bure. Mbwa aogeshwe kwanza na akauke kabisa. Vumbi letu hili jekundu ni mchanga, likiingia kwenye meno linayala kama msasa, na nywele mbichi zinashikana. Kabla ya kuanza, tone la oili ya mashine kwenye meno, iwashe kidogo, futa inayozidi. Oili ya mashine, siyo ya kupikia, inaganda inakuwa gundi. Siyo ya pikipiki. Na mafuta ya nazi mpake mchumba wako. Unaponyoa, kila baada ya muda gusisha meno kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako, hapa penye mishipa. Yakikuunguza wewe, yanamuunguza na yeye, ila yeye hana namna ya kukwambia zaidi ya kung'ata. Zima, subiri yapoe. Fuata manyoya yanakolala, nyoosha ngozi kwa mkono mwingine, na kwapani na ukingo wa sikio usikimbie. Mbwa wa ulinzi wale wenye manyoya mawili, ya juu na ya chini, usimnyoe akabaki kipara kwa sababu mwenyewe kasema kuna joto. Yale manyoya ndiyo mwavuli wake. Mchane, mpunguze, mwambie tajiri hapana.

Ukimaliza, fungua kichwa, brashi, toa kila unywele. Futa meno kwa dawa ya kuua vijidudu, yakauke, tone tena la oili, ndipo uende kwa mbwa mwingine, la sivyo utasambaza mapunye geti kwa geti. Betri usiisubiri ife kabisa ndiyo uchaji, na usiiache juani wala kwenye tangi la pikipiki. Na usichajie machimboni kwenye umeme wa jenereta. Karasha za kusaga mawe zikiwashwa taa zinafifia, zikizimwa umeme unaruka, na chaja yako inaruka nayo. Nimezika moja hivyo.

Na rangi, mwanangu. Chagua yenye rangi ambayo hakuna kinyozi wa watu atakuwa nayo. Yangu ya sasa ni njano kama dumu la mafuta ya kupikia. Begi lake peke yake, taulo lake peke yake. Mtu akiwa ng'ambo ya barabara ajue hii ni ya mbwa, na asiyejua aonyeshwe kwa kidole bila wewe kufikiri. Watu wetu hawana ubaya kuogopa. Kichwa ni chake, imani ni yake, ana haki ya kujua kinachopita juu yake.

Nikienda Kahama basi linapita Katoro. Nikiwa upande ule wa dirisha naiona saluni. Imejaa, watu mpaka nje, kijiwe kimerudi. Siku moja nilimwona Masanja ndani kakaa kwenye kiti, kafungwa shuka shingoni, anacheka. Nafurahi, wallahi nafurahi. Mtu akimsema Iddi vibaya mbele yangu hata leo tutagawana meno. Halafu basi likiondoka nabaki natazama mbele tu. Nimetamani kushuka mara nyingi. Ningemwambia nini Bibi? Kwamba nanawia bombani, kwa sabuni? Maneno madogo hivyo, na nilikuwa nayo mdomoni siku ile, yangenirudisha kwenye sinia jioni ileile, na Bibi angenifundisha huo udongo wake.

Kwa hiyo nasaha yangu ndiyo hii, na mengine yote ni oili tu. Ukiwa na kazi ambayo watu wako hawajaizoea, utaulizwa. Utaulizwa na wanaokucheka, na utaulizwa na wanaokupikia. Wajibu wote kitu kilekile, kwa sauti ileile. Mpende mtu wako unavyotaka, pigana kwa ajili yake ukishindwa kujizuia, ila usimsemee akiwa amekaa hapo na mdomo wake. Na mtu wa nyumbani akikuuliza, mjibu kabla hujafunga nguo.

Haya, nenda. Mungu akupe mbwa wapole na matajiri wenye subira. Akupe mkono usiotetemeka na ulimi mzito kidogo kuliko wangu. Na popote utakaponyoa, kutwa nzima, jua likizama kuwe na mtu sehemu anasema mbona huyu leo kachelewa.